Warumi 13 Haiishii Mstari wa Pili

Ukitaka kujua uchaguzi umekaribia, sikiliza somo linalosomwa kanisani mgeni rasmi akiwa ameketi mbele. Mara nyingi ni Warumi 13. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Msomaji hufika mstari wa pili, penye hukumu kwa anayeasi, akafunga Biblia, mgeni hupigiwa makofi, kisha harambee huanza. Mistari mitano inayomalizia hoja ile ile haisomwi. Upande wa pili wa mji kuna kanisa la turubai lililoandikiwa barua lipunguze sauti ya mkesha, na mchungaji wake naye ana mstari wake: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," Matendo 5:29. Naye hasomi mitume walikuwa wamekatazwa nini siku hiyo.

Wote wawili wamekata kipande cha kitambaa wakakiita kanzu.

Tuanze na neno lenyewe, maana tafsiri yetu imefunika jambo. Katika Union Version, ambayo ndiyo wengi tumeikariri, Warumi 13:1 inasema "aitii" na Matendo 5:29 inasema "kumtii". Kwa msomaji wa Kiswahili maandiko haya yanagongana uso kwa uso. Kwa Kigiriki kila mahali pana kitenzi chake. Paulo anatumia hypotassō, kujiweka chini, kukubali nafasi yako katika safu. Petro mbele ya Baraza anatumia peitharcheō, kufuata amri ya mwenye mamlaka. Na kutii kwa maana ya mtoto aliyetumwa dukani akaenda kuna neno lake la tatu, hypakouō, lililoko Waefeso 6:1 kwenye "Enyi watoto, watiini wazazi wenu."

Ushahidi kwamba watafsiri wetu waliiona tofauti hiyo uko kwenye Biblia hiyo hiyo. Fungua Waefeso 5:21. Kitenzi ni kile kile cha Warumi 13, lakini hapo waliandika "mmenyenyekeana". Hawakuwa na njia nyingine, kwa sababu watu wawili hawawezi kupokezana amri kwa wakati mmoja, ila wanaweza kunyenyekeana. Na katika Tito 3:1 Paulo ameyaweka maneno mawili kando kwa kando, kuwa chini ya wenye mamlaka na kutii, jambo ambalo asingelifanya kama kwake yalikuwa kitu kimoja.

Mtu asije akajenga ghorofa juu ya kitenzi. Siku nyingi za maisha, aliye chini ya mamlaka huonekana kwa kutii: analipa, anajiandikisha, anasimama taa ikiwa nyekundu. Tofauti hujitokeza siku amri inapomtaka atende dhambi. Siku hiyo anaweza kuikataa amri bila kutoka mahali pake. Hatendi alichoamriwa, lakini hakimbii, hajifichi, hashiki panga, na hamwiti hakimu mwizi. Anasema hapana akiwa amesimama pale pale alipowekwa, na matokeo anayapokea. Karibu kila mkanganyiko wa makanisa yetu na serikali unatokana na kuyachanganya mambo haya mawili: wengine hudhani kukataa amri yoyote ni uasi, na wengine hudhani wakishapata sababu ya kukataa amri moja wamefunguliwa kamba zote.

Barua kwa Warumi iliandikwa Korintho, mwaka 57 hivi. Kaisari Nero alikuwa ametawala tangu 54, alipopewa enzi akiwa na miaka 16, na kazi ya serikali ilikuwa bado mikononi mwa washauri wake, Seneca na Burrus. Kabla ya hapo, kama mwaka 49, Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Roma; ndiyo sababu Paulo aliwakuta Akila na Prisila Korintho (Matendo 18:2). Kwa hiyo waumini waliosomewa barua hii walijua maana ya kufungasha virago kwa amri ya serikali. Halafu kulikuwa na kodi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaeleza kwamba mwaka 58 malalamiko dhidi ya watoza ushuru yalizidi mpaka Nero akafikiria kuzifuta kodi za bidhaa zote, wazee wa baraza wakamzuia. Sasa soma mstari wa 7: "mtu wa kodi, kodi, mtu wa ushuru, ushuru." Hayo si maneno mawili ya kupamba sentensi. Kodi ni phoros, iliyotozwa watu wa nchi zilizotawaliwa. Ushuru ni telos, wa bidhaa na njia. Kiswahili cha pwani, kilichozaliwa kwenye bandari na forodha, kilikuwa na maneno yote mawili tayari, na watafsiri hawakuhitaji kuhangaika. Paulo anaandikia watu wenye hasira ya kodi, katika mji ambao vurugu ndogo ingelifanya kundi zima lifukuzwe tena.

Kuna jambo jingine ambalo mgawanyo wa sura umelikata katikati. Sura hizi hazikuwekwa na Paulo. Kwa kawaida hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13. Ukiuondoa mpaka huo, sura ya 12 inaishia na "msijilipize kisasi", na mistari michache mbele, 13:4, mtawala ndiye "amlipizaye kisasi mtenda mabaya". Ni neno lile lile. Hoja ni kwamba wewe uliyeibiwa ng'ombe usiende na jirani zako na matairi. Yuko mwenye kazi hiyo, na amepewa upanga kwa ajili hiyo. Katika nchi ambazo kibaka huchomwa moto mchana kweupe na waumini wakiwa kwenye duara la watazamaji, hii ndiyo sehemu ya Warumi 13 ambayo ingestahili kuhubiriwa kila mwezi. Sijui kwa nini inaachwa.

Mstari huo wa nne una kipimo pia. Mtawala "ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Aliyetumwa ana aliyemtuma, na ana kazi aliyotumwa. Paulo hasemi kila alitendalo mtawala ni jema. Anasema cheo chake kiliwekwa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana Biblia hiyo hiyo ina Ufunuo 13, ambako mamlaka ya Roma imegeuka mnyama anayedai kuabudiwa. Dola ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba dola sasa inadai kitu ambacho hakimo katika orodha ya mstari wa 7: kodi, ushuru, hofu, heshima. Ibada haimo.

Kuhusu dinari ya Kaisari, ile sarafu Yesu aliyoonyeshwa alipoulizwa kama ni halali kulipa kodi, sitasema mengi, imehubiriwa mno. Ila Yesu hakuulizia sarafu ni ya nani. Aliuliza sura ni ya nani. Myahudi yeyote aliyemsikia alijua Mwanzo 1:27, kwamba kuna kitu kingine chenye sura na chapa ya mwenyewe, nacho hakitozwi na Kaisari.

Kanisa la kale liliyashika haya yote mawili kwa mkono mmoja bila shida. Polikarpo, askofu wa Smirna, aliuawa katikati ya karne ya 2. Askari walipomfuata nyumbani aliagiza wapewe chakula na kinywaji, akaomba saa moja ya kusali, akasali mbili. Mbele ya liwali alisema kwamba Wakristo wamefundishwa kuwapa wenye mamlaka waliowekwa na Mungu heshima inayostahili, isiyowadhuru. Kisha akakataa kuapa kwa jina la Kaisari. Warumi 13 na Matendo 5 kwa pumzi moja.

Karibu miaka 1,400 baadaye Martin Luther alitoa ushauri ambao mpaka leo sijaona ulio wazi kuuzidi. Baadhi ya watawala wa Ujerumani walikuwa wameamuru watu wasalimishe nakala za Agano Jipya alilolitafsiri mwaka 1522. Katika kijitabu chake cha 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia aliwaambia waumini: msipeleke hata ukurasa mmoja, maana mkipeleka kwa mikono yenu mmeshiriki. Lakini wakija wenyewe, wakapekua nyumba na kuvichukua kwa nguvu, msiwapige. Amri inakataliwa, mpangilio haupinduliwi. Ni huyu huyu Luther ambaye mwaka 1525, wakulima walipoinuka, aliandika kwa ukali uliowapa watawala kisingizio cha kuchinja. Mtu anaweza kuchora mpaka vizuri na asiweze kutembea juu yake. Wafuasi wake wa Magdeburg, wakiwa wamezingirwa mwaka 1550, waliongeza kwamba mtawala mdogo ana wajibu wa kumzuia mkubwa anayevunja sheria, na hoja ya namna hiyo utaikuta kwa Calvin, mwishoni mwa kitabu cha nne cha Taasisi zake. Waanabaptisti wa Schleitheim, waliobatiza watu wazima upya, mwaka 1527 walikwenda njia nyingine: upanga wa serikali ni agizo la Mungu, lakini nje ya ukamilifu wa Kristo, kwa hiyo Mkristo asiushike kabisa, hata kwa kuwa hakimu.

Wakatoliki wameyaandika kwa namba, kama ilivyo desturi yao. Katekisimu, 2242: raia anafungwa na dhamiri kutofuata maagizo ya serikali yanayopingana na maadili, haki za msingi za watu au Injili. Namba inayofuata, 2243, inaweka masharti matano ya upinzani wa silaha, na yote lazima yawepo kwa pamoja: uvunjaji wa haki za msingi uwe wa hakika, mzito na wa muda mrefu, njia nyingine zote ziwe zimejaribiwa, upinzani usilete machafuko mabaya zaidi, pawe na tumaini lenye msingi la kufaulu, na pasiwe na suluhisho bora linaloonekana. Ukiyapitisha mapinduzi ya kijeshi ya Afrika kwenye chekecheke hilo, sidhani kama utabaki na punje.

Na gharama ya kukomea mstari wa pili ilishaonekana. Ujerumani ya miaka ya 1930, Hitler alipotwaa madaraka, ilijaa wachungaji waliojua Warumi 13:1 kuliko Zaburi 23, na ndiyo iliyolazimisha Azimio la Barmen, tamko la Waprotestanti waliopinga dola kulitawala kanisa, mwaka 1934 kusema kwamba kazi ya dola ni haki na amani, na haina ruhusa kujifanya utaratibu mzima wa maisha ya mwanadamu. Hati ya Kairos ya Afrika Kusini, 1985, ilipoanza kuichambua ile iliyoiita teolojia ya dola, jambo la kwanza ililolikamata ni matumizi ya Warumi 13 kuhalalisha ubaguzi wa rangi.

Kaisari wetu ni nani?

Hapa ndipo mahubiri mengi huteleza. Msikilizaji huambiwa atii mamlaka iliyo kuu, akafikiria uso wa mtu. Lakini Katiba ya Tanzania, ibara ya 8(1)(a), inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao kwa mujibu wa Katiba. Ibara ya 26 inampa kila mtu wajibu wa kuitii Katiba na sheria, na papo hapo, katika ibara ndogo ya pili, inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza vivyo hivyo: mamlaka yote ni ya wananchi, na hakuna mtu wala ofisi iliyo juu ya Katiba. Basi ukiwa Dodoma au Nakuru, mamlaka iliyo kuu ya Paulo ni sheria. Rais, mbunge na mkuu wa wilaya wako chini yake pamoja na wewe. Mkristo anayeishtaki serikali mahakamani kwa utaratibu hajamwasi Kaisari. Amemfuata Kaisari ofisini kwake. Mwandishi wa Warumi 13 alifanya hivyo mara tatu: Filipi alikataa kutolewa gerezani kimya kimya mpaka mahakimu waje wenyewe (Matendo 16:37), Yerusalemu alimuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi kabla ya hukumu (22:25), na mbele ya Festo alikata rufani kwa Kaisari (25:11).

Kwa hiyo agizo likifika kanisani, swali la kwanza ni la kiofisi kabisa: hili ni nini? Sheria ya Bunge, kanuni iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, barua yenye kumbukumbu namba na kifungu kilichotajwa, au mtu amepiga simu? Agizo la mdomo linalosema "mkuu amesema" lijibiwe kwa upole kwa kuomba liandikwe. Nusu ya maagizo hayo hufia hapo, kwa sababu aliyetumwa anajua hakuna kifungu. Kenya unaweza kudai sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 na sheria ya mwaka 2015 ya haki katika uamuzi wa kiutawala zinakupa hilo. Tanzania, sheria ya tawala za mikoa ya 1997 humpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, lakini kwa masharti, na kufunga kanisa kwa kuwa wimbo wa kwaya umemuudhi si mojawapo.

Swali la pili ndilo la kiroho: amri hii inanifanya nitende nini? Wazee wa kanisa wakikaa na karatasi, waigawe katika mafungu. Lipo fungu la amri zinazolazimisha dhambi: kuabudu kisichoabudiwa, kuacha kumhubiri Kristo, kuua, kusema uongo wa kumwangamiza mtu. Wakunga wa Kiebrania wa Kutoka 1 wako hapa, na Danieli 3 na 6. Lipo fungu la amri zisizo za haki ambazo hazikulazimishi kutenda dhambi ila zinakuumiza. Na lipo fungu kubwa kuliko yote, la amri zinazokera tu, au zinazogharimu fedha.

Tuwe wakweli, migogoro mingi iko kwenye fungu hili la tatu. Mitume katika Matendo 5 walikuwa wamekatazwa kufundisha kwa jina la Yesu. Hawakuwa wameambiwa wapunguze besi. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya ibada, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa 2 na kuishia saa 12 asubuhi, yaani mkesha wote umo ndani. Desibeli 35 ni kama mnong'ono. Spika mbili zilizoelekezwa barabarani haziwezi kutimiza hilo, na kanuni inajulikana kuwa kali. Lakini kuelekeza spika ndani, kufunga madirisha na kuzima besi saa 2 hakumnyimi Mungu chochote. Anayedai kwamba Roho hashuki bila amplifaya ana tatizo ambalo serikali haikulileta.

Kodi ni vivyo hivyo. Sadaka ya waumini haifanani na mapato ya duka, lakini mshahara wa mhasibu, mlinzi, mwalimu wa chekechea na mchungaji mwenyewe unakatwa kodi ya ajira kama mwingine wowote, na makato yapelekwe TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, au KRA kabla ya tarehe 9 kupita. Linaloharibika ni lile lile kila mahali: usharika unamwita mchungaji "mtumishi, si mwajiriwa", unampa posho taslimu mwaka mzima bila karatasi, kisha ukaguzi unakuja na adhabu na riba juu yake. Fremu za maduka zilizojengwa kwenye ukuta wa kanisa nazo ni biashara. Na kwa Tanzania kuna Msajili wa Jumuiya: taarifa za mwaka na ada zisipopelekwa, kanisa linaweza kufutwa bila mtu yeyote kuichukia Injili. Ni aibu kukiita kitu hicho mateso.

Rwanda ni mfano mgumu zaidi, na sidhani unafaa kujibiwa kwa sentensi moja. Mwaka 2018 serikali ilifunga maelfu ya makanisa, mamia Kigali peke yake, kwa sababu za majengo, usafi na kelele. Mwaka huo huo sheria mpya ikataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya teolojia, wakapewa miaka mitano. Mwezi Machi mwaka huo radi iliua waumini 16 ndani ya kanisa wilayani Nyaruguru, kwa hiyo mtu akikwambia kinga ya radi juu ya paa ni vita dhidi ya imani, mwonyeshe makaburi. Choo, mlango wa dharura, kinga ya radi: hayo ni upanga unaobebwa kwa ajili ya mema, kama ilivyo kazi ya serikali kuingia msitu kama wa Shakahola, ambako mwaka 2023 Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 ya watu wa dhehebu lililofundishwa kufunga hadi kufa. Lakini kuamua nani amesoma vya kutosha kuhubiri ni swali jingine. Petro mwenyewe alionekana na Baraza kuwa asiye na elimu (Matendo 4:13). Kanisa linaweza kutii upande wa kwanza wa sheria kwa moyo wote na kuupinga wa pili kwa hoja, katika barua moja. Kinachonisikitisha ni kuona makanisa yakipinga yote au yakimeza yote.

Zaire ya Mobutu inaonyesha jinsi mafungu haya yanavyochanganyikana katika amri za mtu mmoja. Mwaka 1972 majina ya ubatizo ya Kizungu yalipigwa marufuku, na Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Wakati huo huo chama kilitaka matawi yake ya vijana ndani ya seminari. Kwa maoni yangu amri hizi mbili si za fungu moja. Jina la Kizungu si sharti la ubatizo. Mtoto anaweza kubatizwa kwa jina la babu yake na mbingu zikafurahi. Bali seli ya chama ndani ya seminari ni Kaisari kuomba kiti madhabahuni.

Wimbo wa taifa na bendera ndilo eneo ambalo Wakristo wenyewe hawakubaliani. Wengi wetu huona kusimama ni heshima ile ya mstari wa 7. Mashahidi wa Yehova huona ni ibada. (Ndiyo, makanisa mengi hayawahesabu kuwa Wakristo. Mahakama haikuulizwa hilo.) Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa ushindi wanafunzi 127 wa Mbozi walioadhibiwa kwa kutouimba. Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Waadventista Wasabato kwamba wanafunzi wao wasilazimishwe masomo ya Jumamosi. Hawakuchoma shule. Walikwenda na karatasi.

Fungu la pili lina mtego wake. Amri isiyo ya haki ikikuumiza wewe, unaweza kuvumilia kwa ajili ya Bwana. Ndiyo hoja ya 1 Petro 2. Lakini ikimuumiza jirani yako, uvumilivu wako hauna thamani yoyote, kwa sababu anayevumilia ni yeye. Mchungaji anayewaambia watu waliohamishwa kwenye ardhi yao bila fidia kwamba Biblia inawataka wanyamaze, huku nyumba yake haijaguswa, ametumia mgongo wa mwingine kubeba msalaba wake. Hapo wajibu ni Mithali 31:8, kufumbua kinywa kwa ajili ya asiye na sauti.

Kukataa kwa jina na saini

Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire hakuwa mtu wa maandamano. Alihudhuria shughuli za serikali, alimwona Rais Idi Amin mara nyingi kuombea waliokamatwa, na kuna waliomlaumu kwa ukaribu huo. Usiku wa Februari 5, 1977 askari walipekua nyumba yake Namirembe wakitafuta silaha. Maaskofu wakakutana, wakaandika barua kwa rais ya tarehe 10, wakataja mauaji na watu wanaopotea, wakatia saini kwa majina yao. Februari 16 aliitwa na serikali pamoja na maaskofu wengine, akabakizwa, akauawa pamoja na mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Uganda sasa huiadhimisha tarehe hiyo kama sikukuu ya taifa.

Malawi miaka 15 baadaye walitumia njia ile ile kwa ustadi zaidi. Maaskofu wote saba wa Kikatoliki walitia saini waraka wa Kwaresima ulioukosoa utawala wa Rais Banda, zikachapwa nakala 16,000, ukatafsiriwa kwa lugha za wananchi, ukasomwa parokia zote Jumapili moja, Machi 8, 1992. Zingatia ufundi wake. Hakukuwa na askofu mmoja wa kutengwa, hakukuwa na uvumi wa nani alisema nini, na polisi walipojua, nchi nzima ilikuwa imeshasikia. Kuwa na nakala kukaitwa uchochezi, maaskofu wakahojiwa kwa saa nyingi. Juni 14, 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi.

Kwa usharika mdogo, kanuni hizo zinashuka hivi. Kabla ya kukataa, omba njia mbadala yenye muda: Danieli hakumwambia msimamizi kwamba chakula cha mfalme ni najisi na yamekwisha, aliomba siku 10 za majaribio, mboga na maji, kisha apimwe. Barua iandikwe na baraza la wazee, si mchungaji peke yake, iwe na saini zisizopungua tatu, itaje agizo kwa namba na tarehe, iseme tunatii yapi, hatuwezi lipi, kwa nini, na tunapendekeza nini badala yake. Ukurasa mmoja unatosha. Peleka nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Bila muhuri huo mahakamani mtasimulia hadithi. Kaunti au wilaya ikikaa kimya, msisubiri mwaka upite. Tanzania ombi la kibali cha mapitio ya mahakama lina miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, na kesi ya kawaida dhidi ya Serikali inadai notisi ya siku 90. Makanisa mengi hupoteza haki yao wakiwa kwenye mfungo.

Yanayoharibu ni machache na yanajirudia. Mchungaji anahubiri kabla barua haijaandikwa, klipu inasambaa WhatsApp, na afisa ambaye angekubali faraghani sasa ana uso wa kulinda. Au msemaji wa kanisa ni mgombea. Au matusi kwa mkuu wa wilaya yanaingia kwenye hoja, na hoja inakufa, kwa sababu orodha ya mstari wa 7 ina heshima ndani yake na haikusema apewe aliye chama chetu. Au waumini wanaahidiwa kwamba watakaowakamata watapooza mikono. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana Danieli 3:18 imeandikwa kwa ajili ya siku ambayo tanuru halipozwi.

Barua ikishapokelewa Ijumaa, Jumapili huyo huyo mkuu wa wilaya aombewe kwa jina, kama 1 Timotheo 2:2 inavyotaka, kabla ya matangazo. Sala iwe fupi, na isiwe na mafumbo.